Maharagwe ni ya moyo, tumbo linakataa

Swali: Hamjambo wahariri? Nina miaka 54, naishi Kondele, Kisumu. Nimepimwa nikapatikana na presha na kolesteroli. Daktari akasema nipunguze nyama, nile maharagwe na mboga kwa wingi. Sasa ni wiki mbili tumbo limejaa kama ngoma, na asubuhi naharisha. Tumbo langu ni la kuudhika tangu zamani. Niache?
*Mama wa Kondele*

Jibu: Usiache, mama, punguza mwendo. Nyuzinyuzi za maharagwe hunasa asidi za nyongo na kutoka nazo chooni, na ini hulazimika kuchukua kolesteroli kwenye damu ili litengeneze nyingine. Lakini maharagwe yana pia sukari ambazo hatuwezi kuzimeng'enya. Zikifika utumbo mpana bakteria huzichachusha, ndiyo hiyo gesi. Bahati nzuri, huyeyuka majini, kwa hiyo nyingi unaweza kuzimwaga.

Loweka tangu jioni, kwa muda wa saa 12 hivi. Mwaga maji, suuza, chemsha dakika 10, mwaga tena, kisha pika kwa maji mapya hadi punje ibonyeke kwa vidole bila kushindana. Anza na vijiko 2 vya kulia kwa mlo, mara 3 kwa wiki, na ukae hapo wiki nzima kabla ya kuongeza. Wengi huangushwa na haraka: maharagwe, sukuma na uji wa wimbi vyote siku moja. Tumbo likikataa, utamjuaje mkosaji?

Magadi, tafadhali, yaache. Hulainisha maharagwe na osuga (mnavu) upesi, ni kweli, lakini ni sodiamu ileile ya chumvi, na presha yako haiitaki. Chumvi yote ya siku, pamoja na ile ya viungo vya pakiti, isizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai. Uchungu wa osuga utoe kwa kumwaga maji ya kwanza. Kama maziwa huwa yanakuharisha, ipike kwa kijiko cha njugu zilizosagwa badala ya maziwa.

Kitunguu nacho kina sukari ya gesi, ila haiyeyuki kwenye mafuta. Kaanga vipande vikubwa kwa kijiko cha mafuta ya maji, vitoe, ndipo utie nyanya. Ladha hubaki.

Samaki, mara 2 kwa wiki: omena au ngege wa kuchemsha. Yule wa kuzamishwa mafutani huudhi moyo na tumbo kwa pamoja.

Ukiwa unameza warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, usibadilishe kiasi cha mboga za kijani kabla ya kumwambia daktari. Na ukiona damu chooni, ukikonda bila sababu, au kuharisha kukikuamsha usiku, usiyasingizie maharagwe, nenda ukapimwe.

Swali: Chai ya maziwa hunivuruga tumbo. Je, mala?
*Msomaji, Nakuru*

Jibu: Jaribu. Bakteria wa kugandisha mala huwa wamekwisha kula sehemu ya sukari ya maziwa. Anza na nusu gilasi pamoja na chakula, isiyotiwa sukari, na kwa ajili ya moyo chagua iliyoondolewa malai.