Kabla hujatoa hela ya namba za ndoto, nisome kwanza

Mi ni fundi cherehani hapa Tandika, na kwa miaka miwili kasoro nilikuwa nacheza bahati nasibu kila siku iendayo kwa Mungu, siyo kwa kubahatisha tu bali kwa namba ambazo niliamini kabisa kwamba zimeletwa kwangu, kuna za ndoto, kuna za daladala, na mwishoni kabisa kuna za kupigiwa hesabu na mzee mmoja kule Mbagala. Naandika hii kwa sababu wiki iliyopita dogo mmoja ninayemfundisha kazi alikuja kuniomba advansi ya elfu thelathini, nikamuuliza ya nini, akasema kuna mtu anampa namba. Nilisikia baridi jamani.

Mimi ilianza na ndoto. Mama mdogo aliota bibi yetu marehemu amekaa kwenye mkeka ameshika nazi tatu anamwambia "wape wenzio", asubuhi akanipigia simu akasema cheza 3, na kwa kuwa bibi alizikwa tarehe 17 weka na 17, ikaendelea hivyohivyo mpaka zikatimia 6. Siku ile zikatoka mbili. Na hapo ndipo kwenye hatari, maana zingekosa zote ningesahau, lakini zikitoka mbili unaona kabisa bibi yuko kazini, bado tu hatujamwelewa vizuri. Kuanzia hapo kila kitu kikawa namba, nimepanda daladala naangalia tarakimu za kwenye pleti, nimepewa risiti naangalia mbili za mwisho, jicho la kushoto likicheza natafuta maana yake.

Baadaye sana ndio nikaja kujua kwamba kule Napoli, Italia, wana kitabu cha zamani kinachogawa ndoto zote kwenye namba 1 mpaka 90, na maiti anayeongea kwao ni 48. Sasa fikiria, bibi yangu akiongea Tandika ni 3 na 17, angekuwa bibi wa Napoli angekuwa 48, na ndoto ni ileile. Namba haikuwemo kwenye ndoto, sisi ndo tuliiweka tulipoamka.

Nikupe hesabu kidogo usichoke. Chukua ule mchezo wa kuchagua namba 6 kati ya 49. Namna za kuzichagua ziko 13,983,816. Dar nzima kwenye sensa ya 2022 tulikuwa watu 5,383,728, kwa hiyo kila mtu wa mji huu, mpaka kichanga cha jana, ashike tiketi mbili ambazo hazifanani na ya mwenzie yeyote, bado zitabaki zaidi ya milioni 3 hazina mwenyewe na inayoshinda inaweza ikawa humohumo. Ukichagua kwa ndoto uko na moja kati ya hizo, ukichagua kwa kufumba macho uko na moja kati ya hizo. Hakuna njia inayokusogeza hata hatua moja, na aliyekuuzia hiyo njia hajakuongezea kitu.

Sasa yule mzee. Kwanza niseme sina ugomvi na elimu ya falaki, wazee wetu wa pwani wameitumia miaka na miaka na wengine ni watu wa heshima sana. Hesabu yenyewe ni hivi, kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake, unajumlisha jina lako na la mama yako kisha unatoa kumi na mbili kumi na mbili, kinachobaki ndo nyota yako. Mfano mtu anaitwa Ali, ain ni 70, lam 30, ya 10, jumla 110. Mama yake Maryam, mim 40, ra 200, ya 10, mim 40, jumla 290. Ukiziunganisha 400, ukitoa kumi na mbili zote inabaki 4, basi nyota yake ni ya nne, Saratani. Mpaka hapo sawa. Ila mzee wangu hakuishia hapo, namba zangu zilikuwa zinafika mia na mipira inaishia 49, kwa hiyo akawa anakata sifuri, anajumlisha tarakimu, nyingine anatoa kwa siku ya Alhamisi, mpaka zikapatikana 6 za kuingia kwenye tiketi. Nilikuwa nimekaa pale namwangalia na sikujiuliza kwa nini anaikunja hesabu mpaka ikubali. Nilimlipa elfu hamsini na udi juu.

Hiyo elfu hamsini haikuwa yangu. Ilikuwa ya dada mmoja aliyeniachia elfu tisini ninunue vitenge vya sare za sendofu ya mdogo wake. Iliyobaki niligawanya kwenye tiketi za Alhamisi tatu. Zilipoliwa zote nikaenda kukopa vikoba kwa jina la mke wangu bila kumwambia, vitambaa vikachelewa, zile sare zimeshonwa usiku kucha na mbili zilibana mpaka zikafumuliwa ukumbini. Yule dada hajarudi kwangu na ana haki. Mke wangu alikuja kujua kwa wanakikundi wenzie, siyo kwangu, na hilo mpaka leo linaniuma kuliko hela.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza na ninaushika kwa mikono miwili: USIWE NA NAMBA YAKO. Watu wanadhani ubaya wa namba ya bahati ni kwamba haishindi, hapana, ubaya wake ni kwamba haikuachi upumzike. Mtu asiye na namba akikosa hela leo anaruka, kesho haumwi. Mimi siku nisipocheza nilikuwa silali, nawaza itatoka leo, leo ambayo sijaweka, na bibi atasema nilidharau. Elfu mbili kila siku kwa siku 700 ni milioni moja na laki nne, hapo sijaweka makato ya simu wala ya mzee.

La pili, ukisikia "namba hii imechelewa" kimbia. Italia hukohuko namba 53 iligoma kutoka kwenye droo ya Venice tangu 2003 mpaka Februari 2005, watu wakawa wanaiongezea hela kila droo kwa kuwa "lazima itoke", familia zikamaliza akiba, wengine walifikia kujiua. Ilipotoka ilitoka tu, haikuwa na deni na mtu.

Halafu hizi za tarehe za kuzaliwa, tarehe zinaishia 31, na wewe na mimi na jirani wote tunazaliwa humohumo, kwa hiyo hata ukishinda mtakuwa wengi wa kugawana. Afrika Kusini tarehe 1 Desemba 2020 zilitoka 5, 6, 7, 8, 9 na mpira wa ziada ukawa 10, na walikuwepo watu 20 waliozicheza vilevile, wakagawana. Kama lazima ucheze basi iache mashine ikuchagulie, weka hela ambayo ikipotea hakuna atakayelala njaa, na tiketi ukishaicheza usirudie namba zake.

Na mtu akitaka umlipe kwa ajili ya namba, awe mganga, awe wa kwenye grupu la Whatsapp, muulize kitu kimoja tu, kwa nini yeye hajazicheza. Dogo nilimnyima advansi, nikampa nguo mbili za haraka azishone mwenyewe achukue hela yote, alinuna ila alizishona.

Mama mdogo bado anaota. Jumapili alipiga, nikamwomba anisimulie yote kabla hajataja namba, bibi alivaa nini, alisema nini, akasimulia karibu nusu saa na kwa kweli tulikuwa tumemkumbuka wote wawili. Alipomaliza hakutaja namba na mimi sikumuuliza.