Umbali kati ya taa za kuongozea magari

Mkuu, umeuliza kwa nini wahandisi wanakataa taa kila mita 300 kwenye barabara kuu. Shida ni kwamba magari yanatoka pande mbili. Upande mmoja unaweza kuupangia kijani kifuatane kwa umbali wowote. Wanaotoka upande wa pili ndio wananasa kwenye nyekundu. Ili wote wapite, gari litumie nusu ya mzunguko wa taa (muda kutoka kijani hadi kijani tena) kufika taa inayofuata. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa na mzunguko wa sekunde 90, unapata sekunde 45 mara mita 16.7 kwa sekunde, yaani kama mita 750. Makutano madogo ya katikati yaachie kuingia na kutoka tu, bila kukata barabara. Ila waenda kwa miguu, tafadhali, wasitembezwe mita 750 kutafuta kivuko! Wawekee kisiwa cha kusubiria katikati ya barabara wavuke kwa awamu mbili.