Pua Inalalamika, Damu Kimya

Kila nikifagia napiga chafya mfululizo, makamasi kama maji. Nimepimwa damu, wanasema sina mzio. Nani mwongo?

Hakuna mwongo. Kingamwili ya mzio, IgE, inaweza kutengenezwa palepale kwenye utando wa pua, isionekane kwenye damu wala kwenye kipimo cha ngozi cha kudungwa kisindano. Madaktari wa Málaga, Hispania, wameandika mengi kuhusu wagonjwa wa aina yako. Kuitafuta kwenye makamasi kunawezekana, ila kipimo hicho huwakosa wagonjwa wengi, maana IgE imechanganyika na maji mengi. Kinachoamua ni kukutilia puani kiasi kidogo cha kitu unachokishuku, daktari akiwepo, kisha kuangalia pua inavyoziba na kuvuja. Usijijaribie nyumbani, hasa kama una pumu. Wakati unatafuta hospitali inayofanya hivyo, acha kufagia pakavu: piga deki. Shuka zifue kwa maji ya moto. Wadudu wa vumbi huwaoni. Kinachokutoa chafya zaidi ni kinyesi chao kilichojaa godoroni.

IgE ya jumla ya mwanangu ni 900. Ana mzio wa nini?

Namba hiyo haisemi wa nini, na nimeshachoka kulirudia. Minyoo nayo huipandisha. Choo chake kimepimwa?

Damu imeonyesha IgE ya kamba, nami nimekula kamba tangu utoto bila shida. Niache?

Kula. Kamba, mende na wadudu wa vumbi wana protini zinazofanana, hivyo kingamwili iliyotokana na mende wa jikoni kwako huweza kumdaka na kamba. Kuwa na kingamwili si kuumwa. Ndiyo maana daktari asiyekuuliza lolote kabla ya kukuandikia kipimo ananitia wasiwasi.

Nimelipia kipimo cha IgG cha vyakula 90. Nimekatazwa mayai, maziwa, ngano na maharage.

Hela imekwenda. IgG ni kingamwili nyingine, si ile IgE ya mzio; inaonyesha tu kwamba umewahi kukila chakula hicho. Rudisha maharage mezani, na kama una mtoto, asinyimwe maziwa kwa karatasi kama hiyo.

Niache Piritoni kabla ya kupimwa?

Kipimo cha damu, hapana. Cha ngozi, ndiyo: wiki moja hivi, pamoja na dawa za mafua zenye kitu kama hicho ndani. Na matone ya kuzibua pua unayotembea nayo mfukoni, hukuniuliza lakini nakwambia: yakizidi siku tano, pua huanza kuzibwa na matone yenyewe.