Re: Kuonja mvinyo Dodoma, niende lini na nijipangeje?

Mkuu, zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka: Februari hadi Machi, kisha Agosti hadi Septemba. Nenda miezi hiyo uone zikisagwa. Nje ya msimu utakuta matangi tu. Hombolo na Bihawana, kunakotengenezwa mvinyo huko Dodoma, si sehemu za kitalii, ni viwanda, kwa hiyo piga simu siku mbili tatu kabla, na usiende Jumapili.

Mpangilio wa kuonja ni mvinyo mweupe mkavu (yaani usio mtamu), mwekundu mkavu, mtamu mwisho. Ukianza na mtamu kama Dompo, mkavu wote utauona mchachu, ukalaumu mtengenezaji bure. Mililita 30 kwa glasi zinatosha. Zungusha, nusa, sukutua, tema. Kutema si utovu wa adabu. Kati ya glasi, maji na mkate mtupu. Pilipili weka mbali.

Kosa kubwa ni joto. Mwekundu ukimiminwa kwa nyuzi 28 unanuka pombe tupu. Omba chupa ikae kwenye friji dakika 20 hivi. Na chupa ulizonunua usiziache kwenye buti juani: mvinyo unatanuka, kizibo kinasukumwa juu, na ladha inakuwa ya zabibu zilizochemshwa.