Amonia inataka adabu

Mwanangu,

Barua yako nimeipata. Unauliza kama amonia inaweza kubeba haidrojeni ya kuendesha meli za Ziwa Tanganyika, na kama mradi wako wa mwaka wa mwisho uende huko. Kubeba inaweza. Katika kila kilo 100 za amonia mna karibu kilo 18 za haidrojeni, na inakuwa kimiminika kwenye nyuzi 33 chini ya sifuri, au hata katika joto letu la Kigoma ukiikandamiza mtungini kama gesi ya kupikia. Haidrojeni tupu inataka nyuzi 253 chini ya sifuri. Nani atakutunzia baridi hiyo pale Kibirizi? Wabelgiji waliendesha mabasi kwa amonia, pamoja na gesi ya makaa ya mawe, mwaka 1943, dizeli ilipoadimika kwa sababu ya vita. Kwa hiyo usihangaike na hilo.

Mimi nataka kukwambia jingine. Unajua nimezeekea kwenye kiwanda cha barafu, ambako amonia ndiyo inayozunguka mitamboni kugandisha maji, na neno langu umelisikia tangu utoto: amonia inataka adabu. Ukiiwekea adabu, inakaa.

Siku ile ya baba yako mdogo ulikuwa bado unabebwa mgongoni. Gasketi ya kompresa ilifyatuka wakati wa mchana, ukungu mweupe ukajaa chumba cha mitambo, watu wakakimbilia ufukweni. Barakoa za gesi zilikuwepo. Tena mpya. Zilikuwa stoo, stoo ina kufuli, na ufunguo uko mfukoni mwa msimamizi, naye yuko harusini Ujiji. Baba yako mdogo akaomba khanga kwa mama mmoja muuza migebuka, akailoweka ziwani, akajifunga puani, akaingia kufunga vali. Khanga mbichi inasaidia kweli, kwa sababu amonia huyeyuka kwenye maji upesi mno. Lakini jicho nalo lina maji, na gesi huyafuata hayo hayo. Aliifunga vali ile. Macho yake unayafahamu.

Kesho yake tukaitwa kikao. Saa nzima ilizungumzwa habari ya samaki walioharibika kwa kukosa barafu. Jicho la mtu halikutajwa hata mara moja. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo, mwanangu. Gesi yenyewe sina kinyongo nayo, maana ilitoa harufu, ikatuonya kabla haijafika kiwango cha kuua. Haidrojeni haina harufu ya kumwonya mtu.

Basi mtu ataniambia: mzee, unaitetea amonia. Sawa, naitetea. Halafu nawaza tangi la amonia likipasuka katikati ya maji, usiku, njia ya Kalemie. Abiria watakimbilia wapi? Na ikimwagika ziwani je? Samaki haivumilii amonia, inamharibu matamvua, na ziwa letu lina mamia ya samaki wasiopatikana penginepo duniani. Hapo naogopa. Lakini dizeli nayo tumeiona ikielea bandarini, na hakuna aliyesema meli zisimame. Meli yetu kongwe ya Liemba yenyewe ilianza na mvuke mwaka 1915, baadaye ikaja kuwekewa dizeli. Meli hubadilishiwa mafuta, si ajabu.

Hesabu ya nishati ndiyo inayonisumbua zaidi. Ili kuipasua amonia upate haidrojeni, unahitaji moto mkali. Kwa kichocheo cha nikeli, madini yanayoharakisha kazi hiyo, unafika nyuzi 700 na zaidi. Moto huo utautoa kwenye amonia ile ile uliyobeba. Kisha masalia kidogo tu ya amonia yakibaki, zile seli zinazogeuza haidrojeni kuwa umeme zinaharibika, kwa hiyo lazima uichuje sana. Na amonia nyingi ya leo hutengenezwa kwa gesi asilia, kaboni inapaa hewani huko huko kiwandani. Meli itakuwa safi hapa, moshi umebaki kwa wengine. Ikitengenezwa kwa maji na umeme wa jua, hapo nasikiliza. Kwa boti za dagaa usihangaike kabisa, betri zinatosha.

Mama yako anataka nikukataze. Ulimi unaniwasha, nikuambie acha, au nikuambie shika hapo hapo, kwa maana fundi aliyesoma ndiye atakayeiwekea adabu. Sisemi. Mradi ni wako.

Ila kwenye mchoro wako wa meli, kabla ya tangi na kabla ya mtambo wa kupasulia, chora barakoa zinakaa wapi, na andika ni nani anayeshika ufunguo. Bora pasiwe na kufuli. Ukimaliza mpe mtu yeyote anayepanda treni ya Kigoma. Baba yako mdogo anataka asomewe, ana maswali yake kuhusu vali.

Baba yako