Mtaa umetajirika, au maskini wamehama?

*Hujambo mwanangu. Nilihamia Ilomba, hapa Mbeya, nyumba zikiwa za kuhesabu. Leo kila nikigeuka naona geti na ghorofa. Watu wanasema mtaa umetajirika. Mbona mimi bado naishi kwa kukopa vikoba?*

Sijambo mama, shikamoo. Hujakosea, na hao watu hawajadanganya. Chukua kaya kumi, kila moja inapata shilingi 200,000 kwa mwezi. Tatu zinauza na kwenda pembezoni, zinaingia tatu zinazopata 1,000,000 kila moja. Wastani wa mtaa unaruka hadi 440,000, na ninyi saba mliobaki hamjaongezewa hata senti. Ndiyo maana nikisikia mtaa umeinuka huwa nauliza kwanza: waliokuwepo mwanzo wako wapi? Walioondoka hawamo tena kwenye hesabu. Pengine wameanza upya mahali ambapo maji hayajafika, na mtoto anapanda bajaji mbili kwenda shule.

Kinachowasukuma ni wingi wetu. Sensa ya 2002 iliikuta Mbeya Mjini ina watu 266,422. Ya 2012 ikakuta 385,279. Ya 2022 ikakuta 541,603. Mji umezidi mara mbili ndani ya miaka 20, na mlima Loleza ulio juu ya mji uko palepale, ardhi haijaongezeka. Kiwanja chako karibu na barabara kuu kimepanda bei bila wewe kufanya lolote, lakini bei hiyo huwezi kuila mpaka uuze na kuondoka. Naliona hilo kuwa jambo la kuumiza.

*Makarani wa sensa ya 2022 walituuliza mengi hapa Soweto. Humo kuna kipato cha mtaa wetu?*

Hakuna. Waliuliza paa, ukuta, choo, maji, umeme, vitu vilivyomo ndani. Kipato na matumizi vina utafiti wake, ule wa mapato na matumizi ya kaya binafsi. Wa 2017/18 ulionyesha kuwa asilimia 26.4 ya Watanzania wa Bara waliishi chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi; mijini ilikuwa 15.8. Lakini hutumia sampuli, haushuki hadi mtaa mmoja. Kwa hiyo anayetaja kipato cha Soweto kwa kutazama bati anakisia tu. Bati lenyewe huenda ni la mkopo.

*Nina vyumba vinne Iyunga, karibu na MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Wanafunzi wanalipa kuliko familia. Wanautajirisha mtaa?*

Wanakutajirisha wewe na mwenye duka la chipsi. Chuo hicho kilianza mwaka 1986 kama chuo cha ufundi, na kadiri kilivyokua ndivyo vyumba vilivyogombaniwa. Wanafunzi watatu wakichangia chumba kimoja, fundi mwenye mke na watoto hawezi kushindana nao. Ukihesabu mishahara, vijana hawa wanaonekana hawana kitu, kumbe kodi wameipandisha wao. Nakusihi ubakize walau chumba kimoja kwa familia. Likizo ndefu ikifika, utamwona nani analipa.

*Mbeya ni ya kabila gani sasa? Babu anasema Wasafwa wamemezwa.*

Wasafwa ndio wenyeji wa eneo hili. Wanyakyusa, Wandali, Wakinga na wengine walikuja kwa kazi na biashara. Idadi ya leo kwa kabila haipo, kwa sababu sensa ya mwisho kuuliza kabila ilikuwa ya 1967. Mpe babu pole, maana mashamba aliyoyajua ndiyo viwanja vya leo.

*Ndugu zangu wanataka tuuze nyumba ya mama, Mwanjelwa. Mama yupo hai. Tuuze?*

Mama anasemaje? Hukuandika. Kama nyumba ni yake, neno ni lake. Akikubali, kabla ya kumtafuta dalali nendeni naye mkaulize bei ya kiwanja kule mnakotaka kumpeleka, mkahesabu nauli ya kwenda sokoni, hospitali na kanisani kwake. Kisha mumuulize tena.