Boga limeoza kabla ya Halloween? Kosa ni tarehe

Dada, umeuliza kwa nini boga mlilochonga uso tarehe 20 Oktoba lilishaota ukungu kabla ya tarehe 31, siku ya Halloween, na kama mzimu wa shashi (pambo la kitambaa chepesi kilichokaushwa kwa gundi) unafaa kwa watoto wadogo.

Mlichonga mapema mno. Boga zima hukaa wiki kadhaa. Likishakatwa, hesabu siku tatu hadi saba, na joto hupunguza hizo. Chongeni tarehe 29.

Toboa tundu chini, si juu: kikonyo kinabaki kizima na taa inakaa mezani, boga linafunikwa juu yake. Komba nyuzi zote kwa kijiko cha chuma, kwani ukungu huanzia hapo. Upande wa uso acha unene wa sentimita 2.5 hivi, ukibaki mnene, kisu kinakwama na mikono ya watoto inateleza. Mtoto achore na kukomba, kisu kidogo chenye meno ni cha mtu mzima. Ndani weka mshumaa wa betri. Moto hupika boga, achilia mbali hatari ya kuungua.

Mzimu ni rahisi. Funika puto kwa nailoni ya jikoni (bila hiyo shashi inagandamana nalo), lisimamishe juu ya chupa. Changanya gundi nyeupe na maji nusu kwa nusu, chovya shashi, ikamue vizuri, itandaze. Ikibaki inachuruzika, italala chini badala ya kusimama. Iache usiku kucha, kisha pasua puto.